Mvua Ikirudi, Ukame Huondoka kwa Awamu

Mnamo Novemba 2023, barabara ya kutoka Nairobi kwenda Garissa ilikatika pale Kona Punda, karibu na Madogo. Mto Tana ulikuwa umepasua kingo na magari yakakwama. Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa miongoni mwa kaunti za Kenya zilizopigwa vibaya na mafuriko. Ng'ambo ya mpaka, mto Shabelle uliingia tena Beledweyne, mji wa Somalia ambao ulikuwa umefurika miezi sita tu kabla ya hapo. Katika kila moja ya nchi hizo mbili, zaidi ya watu 100 walikufa. Mwaka mmoja nyuma, habari kutoka maeneo hayo hayo zilikuwa za mizoga ya ng'ombe iliyotapakaa kando ya barabara.

Halafu ikaja Februari 2024. Tathmini ya usalama wa chakula katika maeneo kame ya Kenya ilionyesha kwamba watu wapatao milioni 1.9 bado walikuwa wanahitaji msaada. Mtu wa mjini aliyeona picha za mafuriko ana haki ya kuuliza: mvua imenyesha mpaka ikaua watu, hawa wenye njaa wanatoka wapi? Wako wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba takwimu hupikwa ili fedha za msaada ziendelee kuingia.

Hazikupikwa. Shida ni kwamba tunazungumza juu ya ukame kana kwamba ni kitu kimoja, kilichopo au kisichokuwapo. Ukweli ni kwamba zipo ukame kadhaa zinazoingia kwa zamu. Kwanza hukosekana mvua. Wiki chache baadaye udongo hukauka na mimea kunyauka. Miezi ikipita, mabwawa na mito hushuka, kisha visima. Mwisho kabisa ukame huingia ndani ya nyumba: maziwa yanakatika, mifugo inauzwa kwa bei ya kutupa, deni dukani linapanda, mtoto anakonda. Mvua ikirudi, ule wa kwanza huondoka siku hiyo hiyo. Huo wa nyumbani huondoka wa mwisho, na kuondoka kwake hakupimwi kwa milimita.

Misimu mitano

Ili kuelewa kilichokuwa kinaponywa, ni lazima kujua ukubwa wa jeraha. Mashariki mwa Pembe ya Afrika, yaani sehemu kubwa ya Somalia, kusini na kusini-mashariki mwa Ethiopia, na kaskazini na mashariki mwa Kenya, mwaka una misimu miwili ya mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Wasomali huita Gu na Deyr, Waborana husema Ganna na Hagayya. Maisha ya mfugaji yamepangwa juu ya misimu hiyo miwili: mmoja ukikosa, unavumilia ukisubiri mwingine.

Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 ilikosa misimu mitano mfululizo. Jambo hilo halikuwa limeonekana kwa angalau miaka 40. Masika ya 2022 peke yake yalikuwa makavu kuliko yoyote katika rekodi za miaka 70 hivi. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, na wakati huo misimu mitatu mibaya ilikuwa bado mbele.

Mhusika mkuu alikuwa La Niña, hali ambapo maji ya katikati na mashariki mwa Bahari ya Pasifiki hupoa huku joto likirundikana upande wa Indonesia. Hewa yenye unyevu hupanda huko, na huku kwetu hewa hushuka ikiwa kavu, na hewa inayoshuka haileti mawingu ya mvua. Kwa kawaida La Niña hukaa mwaka mmoja au miwili. Safari hii ilikaa karibu mitatu, hadi mapema 2023.

Ila La Niña si hadithi nzima. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipochunguza miaka ya 2021 na 2022, waligundua kwamba kupanda kwa joto duniani kuliongeza uwezekano wa ukame wa namna ile angalau mara 100. Kilichofanya kazi kubwa hapo ni joto: lilinyonya unyevu kutoka kwenye udongo na mimea kwa kasi ambayo haikuwapo zamani. Mvua ileile, katika dunia yenye ubaridi kidogo zaidi, isingefikisha ardhi katika hali ile. Tafsiri yake kwa mfugaji ni kwamba hata mvua ya wastani leo haileti malisho yaleyale iliyokuwa inaleta enzi za babu yake.

Kisha mambo yakageuka. Masika ya 2023 yalileta nafuu. Katikati ya mwaka El Niño, kinyume cha La Niña, ikatangazwa, na safari hii ikaambatana na hali nyingine inayotuhusu zaidi: maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wa pwani yetu, yalipata joto kuliko yale ya karibu na Indonesia. Wataalamu huiita dipoli chanya ya Bahari ya Hindi. Mawili hayo yakikutana wakati wa vuli, Afrika Mashariki hulowa. Ndivyo ilivyokuwa 1997, na ndivyo ilivyokuwa 2023.

Ardhi isiyokunywa

Tufanye hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 60 ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba, hizo ni lita milioni 60. Kwa mahali kama Lodwar, panapopata kama milimita 200 kwa mwaka mzima, mvua hiyo ni mgao wa miezi mitatu au minne. Ungedhani inatosha kumaliza kiu yote.

Lakini udongo ulioachwa wazi kwa miaka miwili na nusu hauko tayari kupokea. Nyasi hazipo za kuvunja nguvu ya matone, kwa hiyo kila tone hupiga vumbi moja kwa moja na kuziba vitundu vidogo vya juu. Gamba hutokea. Karibu na visima, ambako mifugo ilikusanyika kwa maelfu, kwato zimeshindilia ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Maji hukosa pa kuingilia, hutafuta mteremko, na ndani ya saa moja laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, lililokuwa kavu mwaka mzima huwa mto unaozoa mbuzi, mahema na magari. Udongo mzuri wa juu, ule wenye mbegu, huondoka nao.

Kwa hiyo mafuriko na ukame si mambo mawili yanayopingana. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikuwa makubwa kwa sehemu kwa sababu ukame ulikuwa umeacha ardhi uchi.

Kuna na jambo la mahali, ambalo vichwa vya habari hulisahau kila mara. Maji yanayofurika Garissa mengi yameanguka kwenye miteremko ya Mlima Kenya na safu za Aberdare, yakapita kwenye mabwawa ya Masinga na wenzake, kisha yakashuka. Yale ya Beledweyne yametoka nyanda za juu za Ethiopia. Ziwa Turkana, linalotegemea zaidi mto Omo wa Ethiopia, limekuwa likipanda na kumeza fukwe hata katika miaka ambayo wafugaji waliokaa kando yake walikuwa wanapoteza mifugo kwa kukosa mvua. Mto uliojaa haukuambii kama malisho ya kilomita 20 kutoka ukingoni yamepata hata tone.

Na hata yale yaliyokusanyika kwenye malambo hayakai. Katika nyanda za kaskazini jua lina uwezo wa kuvukiza zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wastani wa milimita tano au sita kila siku. Lambo lenye kina cha mita mbili linaweza kukaushwa na jua peke yake kabla mwaka haujaisha, bila ngamia hata mmoja kunywa. Ukiongeza mifugo, na tope ambalo mafuriko hayo hayo yamelimwaga ndani na kupunguza kina, utaelewa kwa nini maboza ya maji huonekana tena barabarani miezi michache baada ya picha za mafuriko. Ndiyo maana mabwawa ya mchanga ya Kitui na Makueni yana akili: maji hukaa ndani ya mchanga wa mto, chini ya ukuta mfupi wa zege au mawe, mahali ambapo jua haliyafikii.

Chini kabisa, habari ni tofauti

Hapa ndipo mada inapopinduka, na binafsi naona ndiyo sehemu yake ya kuvutia zaidi. Mvua ile kali inayolaaniwa kwa kubomoa barabara ndiyo hasa inayojaza maji ya ardhini.

Ushahidi mzuri uko Tanzania. Makutapora, karibu na Dodoma, kuna visima vinavyolisha mji huo, na kina cha maji yake kimepimwa tangu miaka ya 1950. Wanasayansi walipoisoma rekodi hiyo ndefu, waliona mtindo usiotarajiwa. Miaka mingi ya mvua za kawaida haikuacha alama yoyote chini. Kina cha maji kiliendelea kushuka pole pole. Kisha huja msimu mmoja wa mvua zilizopita kiasi, kama ule wa 1997 na 1998, na maji hupanda kwa ghafla. Misimu michache ya namna hiyo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya maji yote yaliyoingia ardhini kwa zaidi ya nusu karne.

Sababu yake inaeleweka. Mvua ndogo hulowesha sentimita chache za juu, mizizi ikanywa, jua likachukua kinachobaki. Ni mpaka mvua iwe nyingi kupita uwezo wa jua na mizizi, au mpaka malaga yatiririke kwa siku kadhaa juu ya mchanga wake, ndipo maji huvuka na kushuka hadi kwenye miamba. Vipimo vya setilaiti vinavyopima mabadiliko ya mvutano wa dunia navyo vimeonyesha kwamba akiba ya maji katika Pembe ya Afrika iliweza kuongezeka hata katika miongo ambayo mvua za masika zilikuwa zinapungua, kwa sababu vuli chache kali zilikuwa zinafidia.

Hii inajibu swali ambalo husumbua wengi: mvua iliyokosekana ni deni linalopaswa kulipwa? Kwa udongo, hapana. Udongo una kikomo cha kupokea. Ukikosa mvua misimu mitano, huwezi kuupa mvua ya misimu mitano kwa wiki tatu, ziada yote itakimbia. Kwa maji ya ardhini, ndiyo, yanafanana na deni, na mvua kubwa moja inaweza kulilipa kwa mkupuo. Lakini kisima hakiwi na maji yanayofikika kwa sababu tu mwamba umejaa. Pampu iliyoungua wakati wa ukame, ilipokuwa inaendeshwa usiku na mchana, bado imeungua. Kisima kisicho na kamati, dizeli wala fundi hakijali El Niño.

Kijani kisicholiwa

Serikali ya Kenya hufuatilia ukame kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, iliyoundwa mwaka 2011, wakati wa njaa iliyoua watu wapatao robo milioni nchini Somalia. Kila mwezi hutoa taarifa kwa kaunti 23 kame na nusu kame, na kuiweka kila moja katika awamu: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, au kupata nafuu. Ni mfumo mzuri. Tatizo ni jinsi tunavyousoma.

Mojawapo ya vipimo vinavyotegemewa sana ni fahirisi ya hali ya mimea. Setilaiti hupima ukijani wa ardhi, kisha kipimo cha wakati huu hulinganishwa na kibaya kuliko vyote na kizuri kuliko vyote vilivyowahi kuonekana mahali palepale, majira yaleyale ya mwaka. Sifuri ni sawa na ile hali mbaya kabisa, 100 ni ile bora kabisa. Kati ya 35 na 50 huhesabiwa kawaida. Chini ya 20 ni upungufu mkali. Chini ya 10 umekithiri. Mvua nzuri ikinyesha, namba hii huruka juu ndani ya wiki chache, na ramani iliyokuwa nyekundu inageuka kijani. Magazeti huchapisha ramani.

Ila setilaiti haina mdomo. Haijui kama kijani inachokiona ni nyasi zinazoliwa au magugu ya muda yatakayonyauka mwezi ujao. Nyasi za kudumu, zile zenye mizizi ya miaka mingi, zikiliwa hadi shina kwa misimu mitano nyingi hufa, na mahali pake hushikwa na mimea ya msimu mmoja au vichaka. Mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa na sasa ukavamia Baringo, Garissa na Turkana, hubaki kijani hata wakati wa kiangazi kwa sababu mizizi yake hufika mbali. Kwenye picha ya angani ni uzima. Kwa mwenye ng'ombe ni ukuta wa miiba.

Vipimo bora vya kupona havionekani kutoka angani. Mnyama anatembea kilomita ngapi kutoka malishoni hadi majini? Kaya inapata vikombe vingapi vya maziwa kwa siku? Mbuzi mmoja sokoni ananunua kilo ngapi za mahindi? Mzingo wa mkono wa mtoto ukoje? Vyote hivi vimo kwenye taarifa zile zile za NDMA, kurasa chache baada ya ramani. Huko ndiko ningemwelekeza mhariri yeyote anayetaka kuandika kwamba ukame umekwisha.

Mimba ya ngamia ni miezi 13

Ukame ule uliua mifugo inayokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 13 katika Ethiopia, Somalia na Kenya. Kenya peke yake ilipoteza kama milioni 2.6. Hapa ndipo penye jibu la swali la mwanzo, na hapa hakuna wingu linaloweza kuharakisha lolote.

Mbuzi na kondoo hubeba mimba miezi mitano. Ng'ombe tisa. Ngamia kama 13, na akishazaa huchukua kama miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Na hawashiki mimba siku mvua inaponyesha. Mnyama aliyedhoofika hahitaji dume kwanza, anahitaji kula wiki nyingi mpaka mwili urudi. Kwa hiyo mvua ya Novemba huleta maziwa ya mbuzi, kwa bahati njema, katikati ya mwaka unaofuata, na maziwa ya ng'ombe kuelekea mwisho wake. Maziwa ya ngamia ni ya mwaka wa pili. Wakati huo wote nyasi zipo, mandhari inapendeza, na ndani ya nyumba hakuna kitu.

Kundi lenyewe huchukua muda mrefu zaidi. Tuseme familia ilikuwa na ng'ombe 40, wamebaki watano. Tuwape bahati isiyo ya kawaida: kundi likue kwa asilimia 20 kila mwaka, pasiwe na ugonjwa, pasiwe na wizi, asiuzwe hata mmoja kwa karo wala mahari. Baada ya miaka kumi watakuwa 31. Bado hawajafika 40. Mbuzi ni wepesi zaidi. Kumi na watano wakikua kwa asilimia 40 kwa mwaka hufika kama 80 baada ya miaka mitano, ndiyo maana familia nyingi hujijenga upya kuanzia kwa mbuzi na kupanda taratibu. Lakini miaka mitano bila ukame mwingine, katika eneo hili, ni ombi kubwa.

Kuna na ukatili mmoja ambao wafugaji wote wanaujua na watu wa mjini hushangaa wakiusikia: mvua ya kwanza yenyewe huua. Mnyama aliyebaki ngozi na mifupa hana mafuta ya kumkinga na baridi. Akinyeshewa usiku kucha, asubuhi hainuki. Wengine hukimbilia majani machanga kwa njaa, tumbo likaharibika. Familia iliyofaulu kuvusha wanyama wake wa mwisho hadi mwisho wa ukame huweza kuwapoteza katika wiki ambayo redio inatangaza nafuu.

Mkulima ana saa nyingine. Makueni au Kitui, ndengu zilizopandwa vuli huvunwa ndani ya miezi miwili na nusu hivi, na msimu mmoja mzuri unaweza kuirudisha kaya nyingi kwenye miguu yake. Ndiyo maana unapoangalia takwimu za jumla za nchi, sehemu ya kupungua kwa haraka ni ya wakulima hawa, na mkia unaobaki ni wa Turkana, Marsabit, Mandera na majirani zao.

Angalia namba zenyewe. Mapema 2023, watu milioni 4.4 katika maeneo kame ya Kenya walihitaji msaada wa chakula. Kufikia Julai mwaka huo, baada ya masika mazuri, milioni 2.8. Februari 2024, baada ya vuli ya El Niño, milioni 1.9. Katikati ya 2024, baada ya masika mengine yaliyofurika, takriban milioni 1. Misimu mitatu ya mvua nzuri au iliyozidi, na bado milioni 1. Huo ndio mteremko halisi wa ukame unaoondoka.

Magonjwa na waliohama

Maji yaliyosimama huleta magonjwa yake. Kipindupindu kilichoanza Kenya Oktoba 2022, wakati wa ukame, kiliendelea katika mafuriko ya 2023. Uhaba wa maji na wingi wa maji vyote huchafua chanzo. Homa ya Bonde la Ufa ni ya pekee zaidi. Mayai ya mbu wanaoibeba hulala kwenye udongo wa mabonde makavu kwa miaka, yakingoja kufunikwa na maji. Mlipuko wa 1997 na 1998 ulifuata El Niño. Ule wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya, ukianzia Garissa. Kwa mifugo humaanisha mimba kutoka kwa wingi, kwenye kundi ambalo lilikuwa ndiyo kwanza linajaribu kuzaa. Na hasara hufika sokoni: kwa hofu ya homa hiyo, Saudi Arabia ilifunga milango kwa mifugo ya Somalia tangu 2000 hadi 2009.

Wapo pia watu ambao mvua haikuwarudisha. Zaidi ya milioni moja walihama makwao Somalia kwa sababu ya ukame huu, wengi wakajaza kambi za Baidoa na Mogadishu. Njaa kamili haikutangazwa safari hii, kwa kuwa msaada ulifika kabla ya ukingo, lakini utafiti uliochapishwa Machi 2023 ulikadiria vifo 43,000 vya ziada nchini humo katika mwaka 2022 pekee, nusu yake ya watoto wa chini ya miaka mitano. Mfugaji aliyepoteza mifugo yote hana sababu ya kurudi porini kwa vile tu pameota nyasi. Nyasi za nani? Anabaki kambini au pembezoni mwa mji, akibeba mizigo sokoni, na katika vitabu huhamishwa kutoka safu ya ukame hadi safu ya umaskini wa mjini.

Mifumo ya msaada imejifunza kuingia mapema zaidi kuliko zamani. Bima ya mifugo iliyoanza kwa majaribio Marsabit mwaka 2010 hutumia ukijani ule ule wa setilaiti: malisho yakishuka chini ya kiwango fulani, mfugaji hulipwa akanunue chakula cha wanyama kabla hawajafa. Mpango wa fedha taslimu ulioanzia kwa kaya za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir nao huweza kupanuliwa ukame unapozidi. Yote mawili hufungwa kwa alama ileile ya kijani. Ramani ikipona, malipo ya ziada husimama, katika miezi ambayo kaya ina nyasi tele na haina mnyama wa kuzila. Nadhani hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika namna tunavyoshughulikia mwisho wa ukame: tumeweka kengele ya kuanza na ya kumaliza kwenye kitu kimoja, ilhali kuanza kunahusu majani na kumaliza kunahusu mifugo na madeni.

Chukua mtamba ambaye mama yake alishika mimba yake kwenye malisho mapya ya Desemba 2023. Alizaliwa karibu Septemba 2024. Mwezi uliofuata vuli ilianza, na katika sehemu kubwa ya mashariki mwa Pembe ya Afrika ilikuja chini ya wastani. Alikuwa bado ananyonya. Ndama wake mwenyewe wa kwanza, kwa mwendo wa ng'ombe wa maeneo kame, hatarajiwi kabla ya 2028.